Kubeti kura ya maoni ya marudio: kampuni, soko la watu kwa watu, spredi au soko la utabiri?

Mkeka wa kura ya maoni ya marudio unaonekana mwepesi: itarudiwa au haitarudiwa. Ndani yake kuna maswali matatu yanayolipwa tofauti. Kura itaitishwa? Itapigwa lini? Na ikipigwa, upande gani utashinda? Watu wengi wana maoni makali juu ya swali la tatu, kisha wanaweka dau kwenye la kwanza wakidhani ni kitu kimoja.

Uingereza ina mifano miwili inayotosha kujifunzia. Wa kwanza ni madai ya kura ya pili juu ya Umoja wa Ulaya, baada ya ile ya 23 Juni 2016 (kujitoa 51.9%, kubaki 48.1%). Wa pili ni madai ya kura ya pili ya uhuru wa Scotland, baada ya ile ya 18 Septemba 2014 (Hapana 55.3%, Ndiyo 44.7%). Zote mbili zilibetiwa miaka na miaka. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020 bila kura ya pili. Kwa Scotland, tarehe 19 Oktoba 2023, ambayo Waziri Kiongozi Nicola Sturgeon alikuwa ameitangaza bungeni kuwa siku ya kupiga kura, ilipita bila kituo hata kimoja kufunguliwa.

Msimamo wetu ni huu: kwenye kura za marudio bei husukumwa na habari za siku, lakini malipo huamuliwa na sheria na kalenda. Kwa hiyo usichague mahali pa kubeti kabla hujajua unabeti swali lipi. Mahali panapofaa swali moja huwa pabaya kwa jingine.

Njia nne kando kwa kando

| | Kampuni ya kubeti | Soko la watu kwa watu | Spredi | Soko la utabiri |
|---|---|---|---|---|
| Mfano | Ladbrokes, William Hill | Betfair Exchange, Smarkets | Sporting Index, Spreadex | Polymarket, PredictIt |
| Uko dhidi ya nani | Kampuni | Mchezaji mwenzako | Kampuni | Mnunuzi mwenzako |
| Gharama imekaa wapi | Ndani ya odi | Kamisheni kwenye faida | Pengo kati ya bei mbili | Pengo la bei, pamoja na ada |
| Hasara ya juu kabisa | Dau lako | Dau, au dhima (unachomlipa mwenzako) ukipinga | Inaweza kuzidi ulichotarajia mara kadhaa | Bei uliyonunulia |
| Kutoka mapema | Kampuni ikitaka | Ndiyo, kukiwa na watu | Ndiyo, kwa bei ya kampuni | Ndiyo, kukiwa na watu |

Kampuni ya kubeti

Kampuni inakupa bei, unaichukua au unaiacha. Ukishaichukua haibadiliki tena, na dau dogo la pauni 5 linapokelewa bila maswali. Gharama huioni kwa sababu imejificha ndani ya odi. Tuseme swali ni kama kura itarudiwa kabla ya mwisho wa mwaka: Ndiyo 3/1 (faida ya pauni 3 kwa kila 1 uliyoweka), Hapana 2/9. Zigeuze ziwe desimali kwa kugawanya namba ya kwanza kwa ya pili, kisha ongeza moja: 4.00 na 1.222. Sasa odi kuwa asilimia, gawanya 100 kwa desimali: Ndiyo ni 25%, Hapana ni 81.8%. Jumla ni 106.8%, na hiyo 6.8 iliyozidi ndiyo riziki ya kampuni. Ukitaka kujua bei inasema nini hasa, gawanya kila upande kwa 1.068: Ndiyo 23.4%, Hapana 76.6%. Anayesoma 3/1 kama robo kamili ameshajipunja zaidi ya pointi moja na nusu kabla hajaweka hata senti.

Kwa mtu wa Hapana, tatizo la kampuni ni kubwa zaidi. Kampuni nyingi hupenda kuorodhesha miaka: mwaka huu, mwakani, mwaka unaofuata, kila mmoja na odi yake ya kuvutia macho. Mstari wa "haitafanyika" ama haupo, ama una odi ya kinyonge. Kila mwaka unaoongezwa kwenye orodha unakuja na kipande chake cha faida ya kampuni, kwa hiyo jumlisha asilimia zote kabla ya kugusa hata mstari mmoja. Ikipita 120, funga ukurasa.

Halafu kuna vikomo. Ukionekana unachukua bei ambazo kampuni imechelewa kuzishusha baada ya habari, unaandika dau la pauni 100 na mfumo unakubali 4 na senti kadhaa. Hali hiyo ikianza, akaunti hiyo haitakufaa tena kwa siasa.

Kampuni ina jambo moja ambalo soko halina: inaweza kulipa mapema kwa hiari yake. Mwaka 2014 upande wa Betfair wa odi za kawaida uliwalipa waliobeti Hapana ya Scotland kabla vituo havijafunguliwa. Ni tangazo la biashara, lakini pesa ni pesa. Usiliweke kwenye hesabu zako, kwa sababu hakuna mkataba unaoilazimisha kampuni kufanya hivyo.

Soko la watu kwa watu

Hapa kampuni ni mwenye ukumbi tu. Unaweza kuunga jambo kama kwenye kampuni, au unaweza kulipinga, yaani wewe ndiwe unayempa mwenzako odi. Kwenye Betfair safu za bluu ni za kuunga, za waridi ni za kupinga.

Tuseme Ndiyo inaungwa kwa 4.4 na inapingwa kwa 4.6, na wewe unaamini kura haitarudiwa. Unabofya waridi, odi 4.6, na kwenye kisanduku cha dau unaandika 20. Hizo 20 si zako. Ni dau la mwenzako anayeamini itarudiwa. Zako ni dhima: 4.6 toa 1, mara 20, ni pauni 72, na mfumo unazifungia papo hapo. Kura isiporudiwa unapata 20. Ukikatwa kamisheni ya 2% unabaki na 19.60. Pauni 72 hizo hizo kwenye Hapana ya 2/9 kwa kampuni zingekuletea 16. Ndiyo maana tunasema mtu wa Hapana hana sababu ya kwenda kwa kampuni iwapo soko lina watu. Kamisheni hutofautiana kati ya soko na soko, na hata kati ya vifurushi vya akaunti ndani ya soko moja; 2% hadi 5% ya faida ni kawaida. Kwa 5% mfano wetu unashuka hadi pauni 19 kamili, bado juu ya 16.

Kosa la wageni ni lile lile kila siku: kuandika kwenye kisanduku kile kiasi wanachotaka kuhatarisha. Ukiandika 72 badala ya 20, dhima yako si 72 tena bali 259.20. Soma mstari wa dhima kabla ya kuthibitisha, kila mara, hata kama umeshafanya mara mia.

Jambo la pili ni kina cha soko. Chini ya kila odi pana namba ndogo inayoonyesha pauni ngapi zinasubiri hapo. Kura ya 2016 yenyewe ilikuwa bahari: zaidi ya pauni milioni 100 zilipata wenza kwenye Betfair. Masoko ya "itarudiwa lini" ni dimbwi la kifundo cha mguu. Ukiona 4.4 kwa 4.6 na pauni 30 kila upande, bei hiyo ni ya pauni 30 tu. Dau la 300 litapata nyingine mbaya zaidi. Badala ya kubofya bei iliyopo, weka oda yako katikati, 4.5, usubiri. Siasa haina dakika 90.

Lakini oda iliyoachwa ina hatari yake. Soko la siasa kwa kawaida halisimamishwi kama la mpira goli linapoingia. Spika anaposoma matokeo ya kura bungeni, oda yako ya jana bado imekaa pale, na aliye mbele ya televisheni anaichukua kabla hujashika simu. Siku ya kura bungeni au ya hukumu mahakamani, futa oda zote asubuhi na uziweke upya baadaye.

Uzuri mkubwa wa soko ni kutoka kabla mambo hayajaisha. Uliunga Ndiyo kwa 6.0 na pauni 50. Habari ikaja, odi ikashuka hadi 3.0. Pinga Ndiyo kwa 3.0 na pauni 100. Kura ikirudiwa: umepata 250 kwenye la kwanza, umelipa 200 kwenye la pili, zimebaki 50. Isiporudiwa: umepoteza 50, umepata 100, zimebaki 50. Faida ni ile ile pande zote mbili, ukiondoa kamisheni.

Majira ya kuchipua ya 2019 yalijaa nafasi za namna hii. Tarehe 25 Februari chama cha Labour kilitangaza kuwa kitaunga mkono kura ya pili. Ukisoma vichwa vya habari, ungeapa kura ipo mlangoni. Tarehe 14 Machi pendekezo la kura ya pili likapata bungeni 85 dhidi ya 334, kwa kuwa Labour waliambiwa wasipige kura siku hiyo. Tarehe 27 Machi: 268 kwa 295. Tarehe 1 Aprili: 280 kwa 292, pungufu ya kura 12 tu. Aliyeshikilia Ndiyo tangu mwanzo hadi mwisho alipoteza yote. Aliyeinunua bei ikiwa imelala na kuiuza wakati wa kelele angeweza kupata pande zote mbili, na kazi hiyo kwenye kampuni ya kawaida haiwezekani bila kumegewa.

Spredi

Kwenye spredi kampuni inataja bei mbili kwenye kipimo cha 0 hadi 100, mfano 22 kwa 26. Unauza kwa 22 au unanunua kwa 26, kwa pauni kadhaa kwa kila pointi. Ukiuza kwa pauni 5 kwa pointi na kura isirudiwe, unapata 110. Ikirudiwa, unalipa pointi 78, yaani pauni 390. Uingereza huiweka bidhaa hii chini ya mamlaka ya huduma za fedha, si ya Tume ya Kamari, na sababu ni hiyo hiyo: hasara haina ukuta wa karibu.

Kwa swali la "itarudiwa au la" spredi haina faida juu ya soko la watu kwa watu. Pengo la pointi 4 ni gharama kubwa mno. Inafaa kwa kitu kimoja: ukubwa wa ushindi. Tuseme kura ya Ndiyo imewekwa 47.5 kwa 48.5, ukanunua kwa pauni 20, matokeo yakawa 44.7 kama ya 2014. Umekosea kwa pointi 3.8, unalipa 76. Hapo unalipwa kwa usahihi wa namba, jambo ambalo njia nyingine hazikupi. Lakini ni bidhaa ya wiki za mwisho, kura ikishapewa tarehe. Kabla ya hapo iache.

Soko la utabiri

Unanunua hisa ya Ndiyo au ya Hapana kwa bei kati ya 0 na dola 1, na iliyoshinda inalipwa dola 1. Hapana ikiwa senti 79, hisa 100 ni dola 79 zinazorudi 100. Hesabu ni rahisi kuliko zote, na hasara ni ile uliyolipa, basi. PredictIt ilijulikana kwa kikomo cha dola 850 kwa mtu kwenye kila mkataba, na kwa kukata sehemu ya faida na tena sehemu ya pesa unazotoa, kwa hiyo ada mbili. Polymarket hutumia sarafu ya kidijitali, na ubishi juu ya matokeo huamuliwa kwa kura za wenye tokeni za mfumo wa UMA. Kwa swali lenye maneno ya kisheria, hilo ni jambo la kufikiria mara mbili.

Angalia pia kama nchi uliyopo inaruhusiwa. Kuingia kwa VPN kunaonekana kama ujanja mdogo hadi siku ya kutoa pesa, mfumo unapodai kitambulisho na anwani na akaunti ikafungwa na salio ndani.

Swali lipi: lini, au nini?

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo watu wanapopita haraka.

Swali la "kabla ya tarehe fulani" linaweza kuhesabiwa. Kura ya maoni ya Uingereza nzima inahitaji sheria ya bunge. Swali linapimwa na Tume ya Uchaguzi, na kipindi rasmi cha kampeni chini ya sheria ya mwaka 2000 hakipungui wiki 10. Oktoba 2018 kitengo cha katiba cha chuo kikuu cha UCL kilipiga hesabu ya hatua zote, nyingine zikienda sambamba, na kupata wiki 22 kwa uchache. Hizo ni wiki za kukimbia. Muswada wa kura ya 2016 uliletwa bungeni 28 Mei 2015, ukawa sheria 17 Desemba 2015, kura ikapigwa 23 Juni 2016: wiki 56 kamili.

Chukua hizo 22 uhesabu kurudi nyuma. Kwa kura kupigwa kabla ya 31 Desemba 2019, mchakato ulipaswa kuanza kufikia 30 Julai. Boris Johnson aliingia ofisini kama Waziri Mkuu 24 Julai akiwa mtu wa kujitoa, siku iliyofuata wabunge walikwenda likizo ya kiangazi, muswada haukuwepo. Kuanzia wiki hiyo, "Ndiyo kabla ya mwisho wa 2019" ilikuwa maiti, hata kama mitaani maandamano yaliendelea. Hesabu hii haihitaji utafiti wa maoni wa gazeti wala mchambuzi wa televisheni. Inahitaji kalenda ya ukutani na tovuti ya bunge yenye orodha ya miswada.

Swali la "mwaka gani" ni kalenda hiyo hiyo imekatwa vipande, na kila kipande kinauzwa ghali. Linafaa tu ikiwa mwaka mmoja umeachwa na bei ya zamani wakati mlango wake umeshafungwa, na hapo unaupinga sokoni.

Swali la matokeo lina kasoro ya kimsingi. Unabeti jinsi watu watakavyopiga kura kwenye jambo ambalo halina tarehe, swali lililoandikwa, wala kampeni. Hata karibu na kura, bei hukosea. Usiku wa 23 Juni 2016 vituo vilipofungwa saa 4, bei iliwapa waliotaka kubaki zaidi ya 85%. Muda mfupi baada ya saa 6 mji wa Sunderland ukatangaza 61.3% kujitoa, na kabla ya kupambazuka soko lilikuwa limegeuka kabisa. Kampuni zilieleza baadaye kuwa mikeka mingi kwa idadi ilikuwa ya kujitoa, ila pesa nyingi zilikuwa za kubaki. Bei hufuata uzito wa pochi, haihesabu vichwa. Usiisome kama utafiti wa maoni ya wananchi.

Nani ameshika kalamu

Kabla ya kalenda kuna swali moja: aliyeshindwa mara ya kwanza ana mamlaka ya kuitisha tena?

Denmark walikataa mkataba wa Umoja wa Ulaya wa Maastricht 2 Juni 1992 kwa 50.7% na kuukubali 18 Mei 1993 kwa 56.7%. Ireland walikataa mkataba wa Nice Juni 2001 na kuukubali Oktoba 2002. Wakaukataa wa Lisbon Juni 2008 na kuukubali Oktoba 2009 kwa 67.1%. Katika zote tatu serikali iliyokuwa madarakani ndiyo iliyoshindwa, nayo ilikuwa na uwezo wa kuita watu tena. Marudio yalikuja ndani ya miezi 11 hadi 16. New Caledonia, eneo la Ufaransa, walipiga kura ya uhuru 2018, 2020 na 2021 kwa sababu makubaliano ya Nouméa ya 1998 yalishaandika kwamba zinaweza kuwa tatu. Quebec, jimbo la Kanada, walingoja miaka 15, kutoka 1980 hadi 1995, hadi chama cha uhuru kilipopoteza madaraka na kuyapata tena.

Scotland wako mahali pa peke yao: walioshindwa wanatawala Edinburgh, lakini kalamu iko London. Kura ya 2014 ilipata uhalali kutokana na makubaliano ya Edinburgh ya 15 Oktoba 2012 na amri ya kifungu cha 30 cha sheria ya Scotland, ambayo London hutoa ili bunge la Scotland lipate mamlaka hayo. Kutoka makubaliano hadi kura ni miezi 23. Machi 2017 Waziri Mkuu Theresa May alisema huu si wakati. Januari 2020 Boris Johnson alikataa kwa barua. Juni 2022 Sturgeon alipotaja tarehe, suala lilipelekwa Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwanasheria mkuu wa Scotland mwenyewe alieleza kuwa hakuwa na uhakika wa kutosha kwamba muswada uko ndani ya mamlaka ya bunge lao. Tarehe 23 Novemba 2022 majaji watano walikubaliana wote: bunge la Scotland halina uwezo huo peke yake. Wasomaji wa Kenya wanaufahamu mlango huu. Kura ya BBI, ya kubadilisha katiba, nayo iliishia Mahakama ya Juu, Machi 2022, kwa swali hilo hilo la nani ana haki ya kuanzisha.

Kwa hiyo kila usikiapo "tumepata ridhaa ya wananchi" baada ya uchaguzi, uliza kitu kimoja: je, serikali ya London imetia saini? Kama haijatia, miezi 23 haijaanza kuhesabiwa, na kupanda kwa bei ya Ndiyo siku hiyo ni nafasi ya kupinga.

Maneno ya mkeka na pesa zilizofungiwa

Soma masharti ya malipo kabla ya odi. Kwenye soko la matokeo, kura isipofanyika dau linarudi au linapotea? Yote mawili yapo, na odi ya 5.0 ni nzuri kwenye la kwanza na mbovu kwenye la pili. "Kura ya pili juu ya Umoja wa Ulaya" inahesabu kura ya kuthibitisha mkataba, au lazima swali liwe kubaki na kujitoa? Kura isiyotambuliwa na serikali kuu, kama ya Catalonia (Hispania) ya 1 Oktoba 2017, inalipwa? Na baada ya hukumu ya 2022 Sturgeon alisema uchaguzi mkuu uliofuata ungechukuliwa kama kura ya uhuru; kwa masharti ya kawaida, uchaguzi si kura ya maoni hata ukiitwa jina gani. Piga picha ya skrini ya masharti siku ya kubeti, tarehe ikionekana.

Mwisho, muda. Hapana kwa 1.05 kwa mwaka mmoja inaonekana pesa ya bure. Weka pauni 100: ikishinda unarudishiwa 104.90 baada ya kamisheni ya 2%. Ikiwa uwezekano wa kweli ni 97%, wastani wa kurudi ni 0.97 mara 104.90, yaani 101.75. Mwaka 2019 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa 0.75%, hivyo dau hilo lilikuwa na maana. Kati ya Agosti 2023 na Julai 2024 riba ilikuwa 5.25%; akaunti ya akiba ya kawaida ingeweza kukupa zaidi bila hatari ya kupoteza mia nzima. Hii pia ndiyo sababu Ndiyo huwa na bei ya juu kuliko inavyostahili kwenye masoko ya tarehe za mbali: wanaojua hawataki kufungia pesa kwa miaka miwili ili kupata senti, kwa hiyo hakuna wa kuishusha.

Kwa mwenye pauni 10 na hamu ya kufuatilia, kampuni inatosha. Aunge mstari mmoja na asiurudie. Anayeamini haitarudiwa, aende soko la watu kwa watu, apinge Ndiyo, achague tarehe iliyo karibu (miezi 6 au chini, muswada ukiwa haupo), na asubiri siku ya kelele ili apate odi ndogo ya kupinga: kwa 3.0 dhima ya kila pauni 20 ni 40, kwa 4.6 ni 72. Anayeamini itarudiwa, asinunue katikati ya shangwe. Anunue bei ikiwa imelala, aweke mapema oda ya kuuza nusu, na aondoke hatua moja ya sheria ikishindwa. Spredi ni ya mwenye namba ya asilimia kichwani na kura yenye tarehe.

Kuna watu ambao hawapaswi kabisa kugusa masoko ya tarehe: wanaofanya kazi serikalini, kwenye vyama, au karibu na wanaopanga ratiba. Kifungu cha 42 cha sheria ya kamari ya Uingereza ya 2005 kinafanya udanganyifu kwenye kubeti kuwa kosa la jinai. Aprili 2025 Tume ya Kamari iliwafungulia mashtaka watu 15 juu ya dau za tarehe ya uchaguzi mkuu wa 2024. Aliyesikia tarehe kwenye korido ya ofisi, hata kama aliisikia nusu, asiweke hata pauni moja.